Namna Mpya ya Freze: Kuizaa, Kuichagua na Kuiandika
Maneno ya moniteri wa kilimo kwa wenye bustani wa Mapendo, Goma



Leo nataka kusema nanyi habari ya tunda dogo jekundu ambalo sisi huku tunaliita freze, kwa kufuata Kifaransa, na ambalo jirani zetu wa Kenya huliita stroberi. Wengine wenu mnalipanda katika magunia na makopo, maana hapa Mapendo viwanja ni vidogo, na chini ya udongo ni mwamba wa volkano. Kulima freze mnakujua. Mimi nitasema jinsi mtu awezavyo kuzaa namna mpya ya freze, na jinsi impasavyo kuandika habari zake kabla ya kuwapa watu. Kazi hii ya kuandika ndiyo kubwa kuliko zote. Najua hivyo kwa sababu mimi mwenyewe naliiacha, nikawatia watu hasara.

1. KOSA LANGU

Miaka michache iliyopita nalipanda mbegu za freze. Mche mmoja ukazaa matunda makubwa, matamu, mekundu mpaka ndani. Ulikuwa mwezi wa saba, wakati wa jua. Nalikuwa nimeona matunda matatu tu, ya mche mmoja, katika majira moja. Hata hivyo furaha ikanishinda. Nikakata watoto wa mche ule, nikawagawia jirani, nikawaambia, "Hii ni mpya, inazipita zote."

Mama mmoja jirani yangu aling'oa freze zake za zamani apate nafasi ya kupanda hizo. Mvua za mwezi wa kumi na wa kumi na moja zilipokuja, matunda yakaoza karibu yote. Sikuwa nimeangalia kwamba mabua ya maua ya mche ule ni mafupi, na matunda yake hulala chini ya majani, mahali pa unyevu pasipo upepo. Tena, miche mingine niliyompa haikuwa ile kabisa. Ilikuwa imeota yenyewe kutoka mbegu za matunda yaliyoanguka kitaluni, nami sikuitenga.

Feza ya freze ndiyo mama yule aliyoiweka kwa masomo ya mtoto wake. Hakunitukana. Alisema tu, "Moniteri, wewe umesoma. Mbona hukuandika?"

2. FREZE YA BUSTANI ILITOKA WAPI

Msidhani freze hizi kubwa zilikuwako tangu mwanzo wa dunia. Zilizaliwa Ulaya, na wazazi wao wote wawili walitoka Amerika.

Mwaka 1712 Mfaransa mmoja, mjenzi wa ngome, jina lake Amédée-François Frézier, alitumwa kwenda Chile. Huko aliona freze zenye matunda makubwa, ambazo wenyeji, yaani Wamapuche, walikuwa wakizilima tangu zamani. Aliporudi mwaka 1714 alichukua miche chomboni, na mitano ikafika hai. Ikapandwa Ufaransa, ikatoa maua, lakini haikuzaa vema. Sababu yake ni hii: ilikuwa miche ya kike peke yake. Frézier alikuwa amechagua ile yenye matunda, wala hakujua kwamba ameacha waume wao nyuma.

Baadaye, upande wa Brest, wakulima waliipanda karibu na freze nyingine iliyotoka Virginia, katika Amerika ya Kaskazini. Unga wa maua ya Virginia ukafika kwenye maua ya Chile, nayo ikazaa sana. Mwaka 1766 kijana mmoja, Antoine Nicolas Duchesne, ambaye hakuwa bado ametimiza miaka 20, alitoa kitabu juu ya freze zote alizozijua. Alionyesha kwamba baadhi ya freze zina maua ya kiume na maua ya kike mbalimbali, na kwamba freze kubwa ya bustani ni mtoto wa hizo mbili, ya Chile na ya Virginia. Akaiita kwa jina la nanasi, kwa ajili ya harufu yake.

Tazameni basi. Watu wengi walikuwa wameziona freze hizo kabla yake. Yeye aliziangalia moja moja, akaandika alichokiona, na kwa hiyo tunajua leo.

3. KAMBA NA MBEGU SI KITU KIMOJA

Shikeni neno hili sana. Freze huongezeka kwa njia mbili.

Njia ya kwanza ni kamba zitambaazo juu ya udongo. Penye kifundo cha kamba huota mtoto mwenye mizizi. Mtoto huyo ni sawa na mama yake kwa kila jambo: tunda lilelile, jani lilelile. Hata ugonjwa wa mama humfuata. Kwa hiyo msichukue kamba za mche wenye majani yaliyokunjamana au yenye mabaka.

Njia ya pili ni mbegu, yaani zile punje ndogo zilizo juu ya ngozi ya tunda. Mtoto wa mbegu ana baba na mama, naye hafanani na ndugu yake. Ukipanda mbegu mia za tunda moja, utapata miche mia isiyolingana.

Basi mwenye kutaka namna mpya huitafuta kwa mbegu, na akiisha kuipata huilinda kwa kamba. Ukizichanganya njia hizi kitaluni, umeharibu kazi yako. Okota matunda yote yaliyoanguka, na mche wowote uliojiotea pasipo kamba ung'oe.

4. JINSI YA KUUNGANISHA

Chagua mama mwenye sifa moja uitakayo, na baba mwenye sifa mama asiyo nayo. Kwa mfano, mama awe mtamu, na baba awe mwenye mabua marefu yasiyolaza matunda chini.

Ua la freze za bustani zetu huwa na upande wa kiume na wa kike pamoja. Katikati ni kifundo chenye vinywele vingi, ndio upande wa kike. Kandokando ni nyuzi fupi zenye vichwa vya manjano, ndio upande wa kiume. Fanya hivi:

Kwanza, shika ua la mama likiwa karibu kufumbuka, lakini bado limefumba. Kwa kibano kidogo au sindano ondoa nyuzi zote za kiume, usijeruhi kifundo cha katikati.

Pili, lifunike kwa kifuko cha karatasi au cha kitambaa chepesi, nyuki wasiingie.

Tatu, chukua maua ya baba yaliyofumbuka sasa hivi, yakauke ndani kivulini, mpaka vichwa vya manjano vitoe unga wake.

Nne, siku moja au mbili baadaye, pakaza unga ule juu ya kifundo cha mama kwa burashi laini. Gusa pande zote. Upande usiopata unga hautavimba, na tunda litakuwa kombo. Rudia kesho yake, kisha funika tena.

Tano, funga kibao kwenye bua, uandike jina la mama, jina la baba, na tarehe. Usiseme, "Nitakumbuka." Hutakumbuka.

Baada ya mwezi mmoja hivi tunda huiva. Liache liive sana, ulikwangue ngozi, uziponde punje polepole ndani ya maji. Zile zizamazo ni nzuri, zile zieleazo zitupe. Zikaushe. Ukipata friji, ziweke humo wiki tatu au nne katika kitambaa chenye unyevu kidogo, ndipo zitakapoota kwa pamoja. Zipande juu ya udongo laini uliochekechwa, wala usizizike, maana zataka mwanga. Chini ya udongo weka changarawe ya volkano ili maji yasisimame. Miche ikipata majani matatu, hamisha kila mmoja mahali pake, uupe namba. Jina ngojea kwanza.

5. JINSI YA KUCHAGUA

Hapa ndipo penye uchungu, maana kuchagua ni kung'oa. Wenye kazi hii huko Ulaya na Marekani huotesha maelfu ya miche, wakabakiza mmoja au miwili. Waholanzi wa Wageningen waliunganisha freze mbili, Gorella na Holiday, mwaka 1975. Mtoto wao aliyechaguliwa, Elsanta, alitolewa kwa wakulima mwaka 1981. Walikaa miaka 6 wakimjaribu, nao ni watu wenye vyombo vingi. Mimi nalikaa wiki tatu.

Mwaka wa kwanza ng'oa miche yote yenye ugonjwa na yote isiyozaa. Mwaka wa pili, chukua iliyobaki, ukate kamba zake, upande angalau watoto kumi wa kila namba mahali pamoja, na kando yake upande freze ya zamani mnayoijua. Pasipo ile ya zamani huwezi kusema kwamba mpya ni bora. Ni bora kuliko nini?

Ziangalie wakati wa jua na wakati wa mvua. Hesabu matunda mazuri na yaliyooza. Pima kwa mizani, si kwa macho, kwa sababu macho humpenda mtoto wa nyumbani. Mwite jirani aonje pasipo kumwambia ipi ni yako.

6. JINSI YA KUANDIKA

Kuna chama cha nchi nyingi kiitwacho UPOV, kilichoanzishwa kwa mkataba wa Paris wa mwaka 1961, kwa ajili ya namna mpya za mimea. Kati ya mambo ambayo sheria yake hutaka, matatu haya yatufaa hata sisi wenye magunia. La kwanza, mmea uwe tofauti na zote zijulikanazo. La pili, miche yake yote ilingane. La tatu, ikizalishwa tena na tena isibadilike.

Ili kujua hayo, andika kwa utaratibu:

Mche: umesimama au umelala? Majani ni mengi yenye kusongana, au machache?

Jani: rangi yake, kung'aa kwake, na umbo la vipande vyake vitatu.

Maua: je, yako juu ya majani, sawa nayo, au chini yake? Msisahau neno hili, ndilo lililoniangusha.

Tunda: ukubwa, umbo, kama moyo au kama duara, rangi ya nje na ya ndani, je, lina tundu katikati? Punje zake zimezama ndani ya ngozi, ziko sawa nayo, au zimetokeza? Taji la majani limeinuka au limelala? Nyama yake ni ngumu au laini?

Majira: mwezi wa kutoa maua, na kama huzaa mara moja au mfululizo.

Kamba: nyingi au chache.

Usinakili maneno ya kitabu cha Ulaya. Huko mchana wa kiangazi huweza kupita saa 16, na siku za baridi hupungua sana. Hapa kwetu karibu na ikweta mchana ni kama saa 12 mwaka mzima. Freze nyingi hungojea mchana mfupi au baridi ndipo zitoe maua, na nyingine hazijali urefu wa mchana. Kwa hiyo mmea uleule huweza kuwa na tabia nyingine huku. Andika ulichokiona Mapendo.

7. MFANO

Hii ndiyo karatasi niliyoiandika baada ya kujifunza:

"Namba 14. Mche umesimama, majani si mengi. Maua yako juu kidogo ya majani. Tunda ni la kadiri, umbo la moyo, jekundu nje, jeupe kidogo katikati, halina tundu. Punje ziko sawa na ngozi. Taji limeinuka. Tamu kuliko ya zamani, kwa maneno ya waonjaji watano kati ya saba. Huoza kidogo wakati wa mvua. Kasoro: tunda ni dogo kuliko la zamani, nyama ni laini, haifai safari ya siku mbili, kamba ni chache. Imeangaliwa miaka mitatu, miche kumi na miwili, mahali pamoja tu."

Mnaona, nimeandika kasoro pia. Karatasi yenye sifa tupu ni ya mchuuzi. Tena nimeandika kwamba ni mahali pamoja tu, ili mtu wa Masisi au wa Rutshuru ajue kwamba kwake haijajaribiwa.

Nalimpelekea mama yule miche sita pamoja na karatasi hii. Alisoma kasoro kwanza. Kisha akapanda mitatu tu, katika gunia moja, kando ya zile za zamani alizozipata tena. Mingine mitatu akanirudishia, akasema, "Tungoje mvua." Nami nikaona kwamba amefanya vema kuliko nilivyofanya mimi.

8. MANENO YA KUKUMBUKA

Zaa kwa mbegu, linda kwa kamba.
Namba kwanza, jina baadaye.
Panda ya zamani kando ya mpya.
Usiamini majira moja, wala mche mmoja.
Andika kasoro kama uandikavyo sifa.
Na mtu asing'oe cha zamani kabla cha mpya hakijapita mvua.

Basi, ndugu zangu, aliye na daftari aanze leo. Asiye na daftari aje kwangu, tutagawana karatasi.