Chombo Kimoja, Wasomaji Wengi

Ndugu wajumbe wa kamati za sharika, nanyi wafadhili wetu,

Katika jumuiya yetu nilifundisha Yohana 21 kwa kutumia STEP Bible, programu ya bure ya Tyndale House, Cambridge. Biblia yetu husema “kupenda” tu. Kiyunani kina maneno mawili. Yesu anamwuliza Petro mara mbili kwa agapao, mara ya tatu kwa fileo. Nikatangaza kwa ujasiri kwamba Yesu alishusha kiwango.

Mzee mmoja akauliza, “Mratibu, Yohana huyatofautisha kila mahali?” Tukatafuta papo hapo. Baba ampenda Mwana: 3:35 ni agapao, 5:20 ni fileo! Nilikiri mbele ya wote kwamba niliharakisha.

Ndugu zangu, chombo hutuonyesha neno. Maana twaipima pamoja. Kwa hiyo hatuombi simu kwa kila mtu. Kompyuta moja kwa usharika yatosha: programu hii huwekwa mara moja, kisha hutumika bila bando. Lakini kila kamati itenge pia saa moja kwa wiki ya kusoma pamoja. Bila saa hiyo, tutakuwa tumenunua kompyuta tu.