Nuru ya Galaksi za Mwanzo: Funzo la Kuhakiki Kabla ya Kutangaza

(Mada iliyowasilishwa kwa waumini wa Buhare, Musoma, baada ya swala ya Ishaa)

Kila sifa njema anastahiki Allah (Subhaanahu wa Ta'ala), Mola Mlezi wa walimwengu wote, aliyeumba mbingu na ardhi kwa haki. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, Maswahaba zake na kila atakayefuata mwenendo wao kwa wema hadi Siku ya Malipo. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani,

Katika Suratu Aal-Imraan, aya ya 190 na 191, Allah (S.W.) amewasifu wenye akili kwa kumkumbuka Yeye katika kila hali na kwa kutafakari juu ya uumbaji wa mbingu na ardhi. Usiku huu tutafakari juu ya sehemu moja ya uumbaji huo: galaksi, yaani makundi makubwa yenye mabilioni ya nyota, na jinsi idadi na mng'aro wake vilivyobadilika tangu zama za mwanzo. Nimeichagua mada hii kwa kuwa watoto wetu husomeshwa habari hizi shuleni, na sisi wenyewe huzitumia katika daawa, mara nyingine pasina uhakiki.

Mbingu za Buhare

Mji wetu uko karibu na Ikweta, hivyo tumejaaliwa kuziona mbingu za kaskazini na za kusini. Usiku wa Desemba usio na mwezi, tazameni kaskazini. Mtaona doa hafifu mfano wa kiwingu: hiyo ni galaksi ya Andromeda. Mwanafalaki wa Kiislamu Abdul-Rahman al-Sufi alilitaja doa hilo katika kitabu chake cha nyota mnamo mwaka 964. Kisha geukeni kusini, mtaona Mawingu mawili ya Magellan, ambayo ni galaksi ndogo jirani zetu.

Mwanga wa Andromeda husafiri takriban miaka milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Anayeitazama leo anaiona ilivyokuwa zamani hizo. Kitu kikiwa mbali zaidi, huonekana katika hali yake ya kale zaidi. Kwa njia hiyo mwanadamu ameweza kuzisoma zama ambazo hakuzishuhudia.

Pwani yetu ya Afrika Mashariki nayo imechangia katika elimu hii. Tarehe 12 Desemba, 1970, setilaiti ya kwanza iliyotengwa kwa uchunguzi wa mionzi ya eksirei kutoka mbinguni ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Kwa kuwa Kenya ilikuwa inaadhimisha siku yake ya uhuru, setilaiti hiyo ikapewa jina la Kiswahili: Uhuru.

Mfano wa karabai za wavuvi

Ninyi ni watu wa ziwa. Usiku wa giza, wavuvi wa dagaa wanapotandaza taa zao majini, aliyesimama ufukweni huziona taa za karibu zote, kali na hafifu. Za mbali huona zile kali tu. Akisema kwamba hizo azionazo ndizo taa zote zilizopo, amekosea. Hana budi apime umbali wa kila taa, ahesabu ngapi ni kali na ngapi ni hafifu, kisha ndipo alinganishe sehemu moja ya ziwa na nyingine.

Wanafalaki hufanya vivyo hivyo. Umri wa ulimwengu wanaukadiria kuwa miaka bilioni 13.8. Mwaka 2006, watafiti Rychard Bouwens na Garth Illingworth, wakitumia picha za darubini ya Hubble, walitafuta galaksi zenye mng'aro mkubwa za wakati ulimwengu ulipokuwa na umri wa takriban miaka milioni 700. Walipata moja tu, ambapo wangetarajia kumi lau hali ingekuwa sawa na ya miaka milioni 200 baadaye. Wakahitimisha kwamba galaksi kubwa zilijengeka kwa haraka katika kipindi hicho, kutokana na kukusanyika kwa zile ndogo na gesi. Uzalishaji wa nyota uliendelea kupanda hadi kufikia kilele yapata miaka bilioni 10 iliyopita, na tangu hapo umeshuka hadi karibu sehemu moja ya kumi.

Tarehe 25 Desemba, 2021, ikarushwa darubini ya James Webb, yenye kioo cha upana wa mita 6.5. Mwaka 2024 ikathibitika kwamba galaksi iliyopewa jina JADES-GS-z14-0 ilikuwa iking'ara ulimwengu ukiwa na umri usiofika miaka milioni 300. Mwaka 2025 ikatangazwa nyingine, MoM-z14, ya mapema zaidi kidogo. Galaksi angavu za zama hizo zimekutwa ni nyingi kuliko zilivyotarajiwa. Wapo wanaosema nyota zilizaliwa kwa kasi na kwa mikupuo, wapo wanaosema vumbi lilikuwa dogo. Mjadala haujafungwa.

Habari iliyohakikiwa

Ndugu Waislamu, zingatieni kisa hiki. Mwaka 2022 galaksi moja, CEERS-93316, ilidhaniwa kuwa ya miaka milioni 250 hivi tangu mwanzo wa ulimwengu. Mwaka 2023 mwanga wake ulichambuliwa rangi kwa rangi, ikabainika kuwa ni ya miaka bilioni 1.2. Ilikuwa karibu kuliko ilivyodhaniwa. Vumbi na gesi yake viliufanya mwanga uonekane mwekundu, kama taa ya jirani iliyofunikwa na moshi ikadhaniwa kuwa ya mbali. Matokeo hayo yalitangazwa hadharani, na hesabu ikarekebishwa.

Sasa jiulizeni: mhadhiri aliyepanda mimbari mwaka 2022 na kudai kuwa galaksi ile ni muujiza uliotajwa ndani ya Qur'an, alisema nini mwaka 2023? Na kijana aliyeijenga imani yake juu ya dai hilo, alibaki na nini? Wafasiri wa mwanzo waliifasiri aya ya 47 ya Suratu Adh-Dhaariyaat kwa maana ya uwezo na wasaa wa Allah, na wengine kwa maana ya kupanua. Elimu hiyo inatutosha. Kitabu cha Allah hakibadiliki. Nadharia za wanadamu hubadilika. Anayekifungamanisha kisichobadilika na kinachobadilika anawafungulia wapinzani mlango.

Mtume wetu (S.A.W.) ametuonyesha njia. Siku alipofariki mwanawe Ibrahim, jua lilipatwa. Watu wakasema limepatwa kwa ajili ya msiba huo. Lau angenyamaza, wangezidi kumtukuza. Naye, ingawa alikuwa na huzuni ya mzazi, aliwakanusha. Akabainisha kwamba jua na mwezi ni alama za Allah na havipatwi kwa kufa wala kuzaliwa kwa mtu, kama ilivyopokewa na Bukhari na Muslim. Hakukubali haki itetewe kwa hoja isiyo ya kweli. Sisi ni nani hata tukubali?

Nasaha

Kwanza, wazazi msiwakataze watoto kusoma fizikia na hisabati kwa kudhani kuwa zinapingana na dini. Al-Sufi alizisoma nyota naye ni Muislamu. Pili, walimu na wahadhiri tushike amri ya uhakiki iliyomo katika Suratul-Hujuraat, aya ya 6, tunaponukuu habari za sayansi, na pia katika khabari za mwezi mwandamo na uvumi wa mitaani. Tatu, vijana, elimu ya falaki isichanganywe na ramli. Ya kwanza ni hesabu na uchunguzi, ya pili ni haramu.

Tunamuomba Allah (S.W.) atuonyeshe haki tuifuate, na batili tuiepuke, na atuzidishie elimu yenye manufaa. Aamiin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullaahi wabarakaatuh.