Chupa ya Dawa ya Kikohozi: Maneno ya Kamati Ndogo ya Afya katika Siku ya Wakimbizi

Sisi wa kamati ndogo ya afya tumepewa dakika chache, nasi tumechagua kusema juu ya chupa ya dawa ya kikohozi, ile ya maji ambayo kila mmoja wetu amekwisha kumnywesha mtoto wake.

Mvua ikianza, baridi ya Ruwenzori inashuka, watoto wanakohoa. Sokoni Lhubiriha, pale Mpondwe, na madukani Bwera na Kasese mjini, dawa hizi hununuliwa bila karatasi ya daktari. Nyingine zimetoka Kampala na maandishi yake ni Kiingereza; nyingine zimevushwa kutoka Beni na Butembo, zimeandikwa Kifaransa. Muuzaji anasema, "Kijiko kimoja mara tatu," basi. Kijiko gani? Kijiko cha chai wanachokusudia watengenezaji ni mililita 5. Kijiko kikubwa cha chakula ni kama mililita 15. Mtoto wa watu amekunywa dozi 3 kwa mara moja, na mama anaamini amefuata maagizo. Pimeni kwa kifuniko chenye alama, au kwa bomba la sindano lililoondolewa sindano yake.

Lakini kipimo siyo hofu yetu kubwa. Dawa nyingi za mafua zina kitu kinachomletea mtoto usingizi. Usiku anakohoa, anapewa, analala, na nyumba nzima inasema dawa imefanya kazi. Ikiwa ni mafua tu, yangepoa yenyewe kwa siku chache. Ikiwa ni nimonia, ambayo wengine mnaiita kichomi, dawa ile haiigusi hata kidogo. Mtoto amelala, ugonjwa uko macho. Mnatuuliza kwa nini tunawasumbua na kuhesabu pumzi. Ni kwa sababu hiyo.

Hesabuni hivi. Mtoto awe ametulia, halii wala hanyonyi. Funueni kifua, hesabuni pumzi kwa dakika 1 nzima, mtu mwingine akiangalia saa au simu. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Ukiona hesabu hiyo, au kifua kinabonyea ndani anapovuta pumzi, au hawezi kunyonya, au amepata degedege, nenda kituo cha afya saa hiyo hiyo, hata usiku. Usingoje chupa iishe.

Yako mengine. Chupa ya mafua na chupa ya homa mara nyingi zote zina parasetamoli. Ukimpa zote mbili umempa dawa ile ile mara mbili, na ini la mtoto ndilo linaloumia. Dawa yenye kodeini asipewe mtoto wa chini ya miaka 12. Aspirini ya wakubwa, msimpe mtoto. Wala mtu asimnyweshe mtoto dawa ya homa ili apite kipimo cha joto mpakani. Mnakumbuka Juni 2019: mgonjwa wa kwanza wa Ebola kuthibitishwa hapa Kasese alikuwa mtoto wa miaka 5 aliyetoka ng'ambo, naye alifia Bwera.

Tena, chupa yenyewe yaweza kuwa mbovu. Mwaka 2022 huko Gambia watoto wapatao 70, wengi wao chini ya miaka 5, walikufa kwa figo kushindwa kazi, na dawa za maji za kikohozi na homa zilizotoka India zikakutwa na sumu. Sumu hiyo haionekani kwa macho wala kwa ladha. Kwa hiyo nunueni penye kibali cha Mamlaka ya Taifa ya Dawa, chupa ikiwa na muhuri, tarehe na namba yake. Dawa inayomiminwa kutoka dumu kwenda chupa ya soda, iacheni pale pale, hata ikiwa rahisi.

Mtasema, basi tumpe nini? Mchanga wa chini ya miezi 6 anyonye, tena mara nyingi. Aliyetimiza mwaka apewe maji ya uvuguvugu na asali kidogo. Chini ya mwaka asali haifai kabisa. Na moto wa kupikia uwe mbali na anapolala, maana moshi nao unakohoza.

Wageni wetu wa mashirika, tunaomba saa moja yenye kuhesabu sekunde kwa kila mhudumu wa afya wa kijiji. Wengine wanahesabu kwa kukisia. Na ninyi ndugu, baada ya ngoma leteni chupa mlizo nazo nyumbani kwenye meza yetu chini ya mti. Tumeweka wasomaji wawili, mmoja wa Kifaransa na mmoja wa Kiingereza.