Umeme wa Kauri



Mwaka 1899 Mjerumani Walther Nernst alionyesha kuwa kauri ya zirkonia ikipashwa joto kali hupitisha umeme. Mwaka 1937 Baur na Preis, huko Uswisi, wakaunda seli kwa kauri hiyo. Upande mmoja hupita gesi, wa pili hewa. Oksijeni hupenya kauri, hukutana na gesi, na umeme hupatikana pasipo ndimi za moto wala injini.

Tabu ni joto, nyuzi 700 hadi 1,000. Kauri ikipashwa na kupozwa mara kwa mara hupasuka.

Sisi watumishi wa serikali kwanza huuliza: kitadumu miaka mingapi, kwa bei gani? Kampuni ya Ceramic Fuel Cells, iliyoanzishwa Australia mwaka 1992, iliunda mtambo wa kilowati 1.5 uliogeuza hadi asilimia 60 ya nishati ya gesi kuwa umeme. Ufundi ulikuwapo; bei ikawashinda wanunuzi. Mwaka 2015 kampuni ikafilisika.

Wengine wanaendelea. Vijana, kauri ya kudumu na ya bei nafuu ingali inatafutwa. Msiikimbie kemia.