Umelalaje? Usiku Mmoja Si Shahidi



Mtu asiyeamka hata akipigiwa ngoma sikioni, watu wa mwambao humsema ana usingizi wa pono. Waliotunga usemi huo walimjua samaki wao. Baadhi ya jamii za pono hutoa ute kila usiku, wakajifunika nao mwili mzima kama mfuko, ndipo wakalala. Mwaka 2011 watafiti nchini Australia walieleza walichokiona walipowavua pono mfuko huo: vidudu vinyonya damu viliwavamia. Kwa maneno mengine, pono analala fofofo kwa sababu ana chandarua.

Binadamu hakuzaliwa na chandarua. Usingizi wetu uko wazi kwa joto, mbu, kelele, deni la dukani na mtoto mwenye homa. Ndiyo maana asubuhi hatuulizani “huwa unalalaje?” Tunaulizana “umelalaje?”, tukimaanisha usiku wa jana peke yake, na kesho tutaulizana tena. Salamu hiyo inajua jambo ambalo sisi wa maabara tulichelewa kulitilia maanani: usiku haufanani na mwenzake.

Kwa miezi kadhaa nimekuwa na daftari la shule chini ya mto. Nawasomea kurasa mbili. Jumanne: “Nimelala saa nne na nusu. Saa saba umeme umekatika, pangaboi limesimama. Nimeamka mara tatu, nimegaagaa hadi alfajiri.” Jumatano: “Nimelala saa tatu na robo. Sikusikia kitu, hata adhana.” Kitanda ni kilekile, na mtu ni yuleyule.

Ya Jumanne hayana fumbo. Ili ulale vizuri, joto la ndani ya mwili sharti lishuke kidogo, na mwili hulitoa kupitia ngozi, hasa ya mikono na miguu. Pangaboi likisimama mwezi wa Februari, joto hilo halina pa kwenda, na usingizi unabaki wa mang'amung'amu.

Jumatano ndiyo yenye somo. Mwaka 1982, Alexander Borbély wa Zurich alieleza kwamba usingizi unatawaliwa na mambo mawili. La kwanza ni deni: kadiri unavyokaa macho ndivyo hamu ya kulala inavyopanda, na miongoni mwa vinavyoipandisha ni adenosini inayojikusanya kwenye ubongo. Kahawa hailipi deni hilo, inamzuia tu mdai mlangoni. La pili ni saa ya mwilini, ambayo haijali umechoka kiasi gani. Nathaniel Kleitman na mwanafunzi wake waliijaribu mwaka 1938 ndani ya pango la Mammoth, Kentucky, kwa siku 32, wakijilazimisha kuishi siku za saa 28. Mmoja alizoea. Kleitman mwenyewe hakuweza. Mwili wake ulishikilia saa zake 24 gizani mle.

Usiku deni na saa vikikutana, unalala kama mimi Jumatano. Vikipishana, kwa mfano umesinzia kochini saa kumi na moja jioni ukapunguza deni, utayahesabu mabati. Na deni lenyewe halilipwi saa kwa saa. Mapema mwaka 1964 kijana mmoja wa San Diego alimaliza saa 264 bila kulala. Usiku wa kwanza baada ya hapo alilala zaidi kidogo ya saa 14, basi. Mwili hudai kwanza usingizi mzito, mengine husamehe.

Hata mahali panahesabika. Maabara za usingizi kwa muda mrefu zimekuwa zikitupa matokeo ya usiku wa kwanza, maana mgeni halali vizuri. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Brown walionyesha sababu mojawapo: usiku wa kwanza ugenini, upande wa kushoto wa ubongo hulala usingizi mwepesi kuliko wa kulia, ukisikiliza mlango. Mgeni ni mlinzi wa zamu, ajue asijue.

Zamu hiyo ina historia ndefu, na ushahidi wake uko hapahapa nchini. Karibu na Ziwa Eyasi, Wahadzabe 33, watu wa jamii ya wawindaji, walivaa vifaa vya kupima usingizi mkononi kwa siku 20. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017. Katika usiku wote huo, muda ambao wote 33 walikuwa wamelala kwa pamoja ulikuwa dakika 18. Siyo kila usiku, jumla. Karibu daima palikuwa na mzee aliyeamka mapema, kijana aliyechelewa kulala, mtu aliyegeuka na kuvuta blanketi. Nikisoma takwimu hiyo siwezi tena kumwita bibi anayeamka saa tisa za usiku mgonjwa. Pengine kwa maelfu ya miaka yeye ndiye aliyekuwa chandarua chetu.

Ugomvi wangu, basi, ni na wastani. Dodoso linalotumika sana duniani, lililotungwa Pittsburgh na kuchapishwa mwaka 1989, humwuliza mtu alivyolala mwezi mzima uliopita, kisha likampa alama moja. Lina kazi yake, nami nimelitumia. Lakini anayelala saa saba kila siku na anayelala tano leo na tisa kesho wanatoka na wastani mmoja, na hawana hali moja. Mkulima hapandi kwa wastani wa mvua za mwaka. Anataka kujua imenyesha lini na imekatika lini.

Wala simaanishi kwamba kila kitu ni sawa. Katika jaribio lililochapishwa Marekani mwaka 2003, watu waliolala saa sita au pungufu kwa siku 14 mfululizo walizidi kuzorota umakini siku hadi siku, huku wenyewe wakidhani wamezoea. Usiku mmoja mbaya unajitangaza, lakini mbaya kidogo zikifuatana kumi na nne zinakupita kimyakimya. Dereva wa basi la usiku alisikie hili.

Kwa hiyo ombi langu kwenu ni dogo. Nunueni daftari. Andikeni saa mliyolala, mara mlizoamka, na kilichowaamsha. Usiku ukiharibika, amkeni saa ileile ya kila siku na msilale mchana kutwa kufidia. Deni litawasaidia usiku unaofuata. Waganga wanahesabu kukosa usingizi kuwa maradhi sugu pale kunapotokea angalau mara tatu kwa wiki, kwa miezi mitatu, na kunapoharibu kazi za mchana. Mkifika hapo, nendeni kliniki na daftari mkononi. Lakini anayekoroma hadi pumzi ikakatika asisubiri miezi hiyo. Huyo hajisikii mwenyewe. Anayelala naye ndiye amlete.