Nyungunyungu Si Kware
Mazungumzo na vikundi vya wakulima



Mmetuuliza: je, nyungunyungu wanaweza kuleta pesa? Jibu letu ni ndiyo, lakini polepole.

Tukumbushane habari ya kware. Mwaka 2013 na 2014 wengi hapa Kenya tulikimbilia ndege hao kwa sababu mayai yalikuwa ghali. Kila boma lilipofuga, mnunuzi angetoka wapi? Bei ilianguka. Basi akija mtu kukuuzia nyungunyungu kwa bei kubwa, akiahidi kuwanunua tena wakizaana, kumbuka kware.

Mali yetu hapa si mnyoo, ni mbolea. Hata soko likikosekana, sukuma wiki yako itaila.

Anza na sanduku moja la mbao lenye matundu chini, kivulini. Tandika nyasi kavu zilizoloweshwa, kisha samadi iliyokaa wiki kadhaa. Samadi mbichi hupata moto na kuwaua. Tafuta wale wekundu wanaoishi juu juu kwenye lundo la samadi. Wale wa kuchimba chini shambani hawatakaa sandukuni. Jirani anaweza kukupa wa kuanzia.

Walishe maganda ya ndizi na mabaki ya mboga. Nyama, mafuta na chumvi, hapana. Ukifinya samadi mkononi, yatoke matone mawili matatu tu. Funika na gunia, maana kuku wanawapenda sana! Siafu nao wazuie kwa kusimamisha miguu ya sanduku ndani ya makopo ya maji.

Baada ya miezi mitatu hivi utaona mbolea nyeusi, yenye harufu ya udongo wa msituni. Weka chakula kipya upande mmoja. Wenyewe watahamia huko, nawe uchote upande wa pili.

Usikimbilie kuuza. Panda mistari miwili ya sukuma, mmoja na mbolea hii, mwingine bila. Jirani ajionee mwenyewe. Halafu nenda kwa wenye vitalu vya miche. Ukishapata mnunuzi anayerudi, ndipo utengeneze sanduku la pili. Mkopo wa kuanzia haufai, na kikundi kiandike kila shilingi.

Nyungunyungu hana haraka. Na sisi tusiwe nayo.

Mungu abariki kazi ya mikono yenu.