Nani Anapima Umaskini wa Mzazi Wako?

Haya ndiyo niliyoyasema kwenye mjadala wetu wa wanafunzi. Wengi mliomba, nimeyaandika. Kama kawaida yetu hapa, hakuna mwanasiasa wala chama kitakachotajwa.

Wenzangu, kila msimu wa siasa karo ya chuo inarudi jukwaani. Huyu anasema vijana wametwikwa madeni. Yule anasema sasa kila mtu anasaidiwa kulingana na uwezo wake. Sawa. Lakini huo uwezo unapimwaje? Hapo wote wananyamaza.

Zamani, ukipelekwa chuo na serikali, karo ilikuwa shilingi 16,000 kwa mwaka, mtoto wa tajiri na wa maskini sawa. Mwaka 2023 ikaja mipango mipya. Gharama ya kozi ikagawanywa mara tatu: ufadhili usiorudishwa, mkopo wa HELB, na kiasi cha familia. Familia nazo baadaye zikapangwa kwenye bendi tano. Mwaka 2024 bendi ya kwanza, kipato kisichozidi 5,995 kwa mwezi, ilipata ufadhili asilimia 70, mkopo 25, familia 5. Bendi ya tano ilikuwa 30, 30, na familia 40.

Tupige hesabu. Tuseme kozi ni 300,000 kwa mwaka. Kwa mgawo huo, bendi ya kwanza, nyumbani wangetoa 15,000. Bendi ya tano, 120,000. Kozi ni ile ile, darasa lile lile. Tofauti ya 105,000 inatokana na majibu uliyojaza kwenye fomu.

Sasa fikiria mama anayeuza mboga. Mwezi wa mvua anapata, mwezi wa kiangazi anakula mtaji. Ana mshahara gani wa mwezi huyo? Mwalimu ana hati ya mshahara, kwa hivyo anaonekana vizuri kabisa, hata kama ana watoto wanne shuleni na mkopo wa sako unamkata nusu. Mfanyabiashara mwenye pesa taslimu asiyeandika chochote anaweza kuonekana maskini kuliko wote wawili. Mimi sipingi kumsaidia maskini zaidi, ni haki. Ninachopinga ni kujifanya kwamba mashine inamjua.

Na mkopo ni mkopo, hata kwa bendi ya kwanza. Kwenye mfano wetu, 75,000 ya karo na 60,000 ya matumizi kila mwaka, kwa miaka minne, ni 540,000, kabla ya riba ya asilimia 4. Mwaka mmoja baada ya kumaliza unatakiwa kuanza kulipa. Ukichelewa, faini ni 5,000 kila mwezi. Huna kazi? Hiyo ni 60,000 kwa mwaka, juu ya deni, na ni kwa mtu ambaye serikali yenyewe ilisema kwao ni maskini kabisa!

Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mpango huu unakiuka Katiba. Mwaka uliofuata Mahakama ya Rufaa ikasimamisha uamuzi huo, tukaendelea kupangwa kwenye bendi.

Kwa hivyo mgombea akija hapa na ahadi ya karo, usimuulize kama anawapenda vijana. Muulize fomu yake itamwandikaje mama wa mboga, na faini itafanywa nini kwa asiye na kazi.

Nimemaliza. Karibuni maswali, hasa waliokata rufaa ya bendi wakajibiwa.